Kaa Dunguni Mpaka Uione

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Maparoni hatujambo. Bibi yako anakusalimu. Mimi mdogo wake wa mwisho, bibi mwenye mtoto wa kunyonya, siku ya tatu hii silali, mwanangu Shamte anaota meno.

Umeniuliza mtu atashukuruje siku ambayo hana cha kushukuru. Hilo nami lilinigombanisha na mama yangu nikiwa na miaka kumi.

Tulikuwa shambani kulinda mpunga, tunaishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti. Kila asubuhi, kabla sijashuka, mama alitaka nimtajie neema moja, isiwe ya jana. Siku moja tulipitiwa na usingizi, tukaamka nguruwe wamemaliza shamba. Hata mbegu ya mwaka ujao hatuna.

"Leo sina," nikasema.

"Basi kaa hapa hapa mpaka uione. Miye nashuka."

Nikanuna, nikakodoa macho. Mara nyuma ya matete nikaona kipande cha mpunga kimesimama.

"Mama! Kule!"

"Kule wapi, we mtoto? Huku chini sioni kitu!"

Nikamwelekeza kwa kidole mpaka akafika. Mbegu tukapata.

Tangu hapo najiuliza: shukrani huja baada ya kuona, au ndiyo inayotuonyesha? Sijui bado. Nisaidie kutafuta. Kesho, kabla hujashika simu, tazama, kisha niandikie ulichokiona. Keshokutwa ukiniletea kilekile, nakurudisha ukatazame tena.

Akulinde Mola,
Bibi yako Mwajuma