Mpira Uliovuka Mkaratusi wa Pili

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa,
aliyelazwa ukingoni mwa malisho ya kilimani,
Butembo.

Lengo: ombi la uamuzi.

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Mimi mwenye kutia sahihi hapa chini, mume wa binti yako Kavugho, mwandishi wa barua za maombi mbele ya soko, ninayo heshima ya kufika kwako kwa maandishi haya, nikiwa nimesimama mbali na kutazama kando kama inavyompasa mkwe. Naandika ili nikueleze jambo lililotokea siku chache baada ya kumaliza matanga yako, na kukuomba uliamue.

Jambo lenyewe ni hili. Mpira wangu wa golfu umefika kaburini kwako. Umetulia juu ya udongo wako, upande wa miguu, na hadi leo uko pale pale. Mimi siwezi kuuokota, kwa kuwa mkwe hakanyagi mahali alipolala mama wa mke wake. Kavugho hataki kuuokota. Mwanao Kambale, aliyefika kutoka Beni, amekataa kuamua lolote juu yake. Kwa hiyo narudi kwako, mwenye mahali.

Kabla ya kuomba, yanipasa kueleza, maana ombi lisilo na maelezo hurudishwa.

Ulifika kwetu kwa miguu kutoka Kanyabayonga, wakati vita vilipowatoa watu wa kusini, ukiwa na jembe begani na mbegu za maharagi zilizofungwa katika kitenge. Desturi yetu haikuwa imeifikiria nyumba ya vyumba viwili. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Na sisi tulikuwa chini ya bati moja. Kavugho akatundika mkeka katikati ya nyumba. Mimi nikajifunza kukohoa nikikaribia mlango, ili upate nafasi ya kupita nyuma ya mkeka. Jina langu hukulitamka hata mara moja. Ulisema: "Kavugho, ule wa kukohoa amerudi."

Mama Mkwe, mkeka bado umetundikwa. Na mimi bado nakohoa kabla ya kuingia.

Ulinikuta tayari nikiwa mchezaji, ikiwa neno hilo linanistahili. Fundi wa kilimo wa serikali, aliyetumwa kwetu kutoka Kasai, ndiye aliyenionyesha mchezo ule kwenye malisho ya mzungu wa zamani, ambapo sasa hulishwa mbuzi tu. Mshahara wake ulipokatika alicheza kila siku. Vita vilipokaribia alipanda ndege katika uwanja wa Mavivi, akaniachia fimbo mbili na mfuko wa mipira, na neno moja: kwamba siku mpira wangu utakapouvuka mkaratusi wa pili, ndipo nitakapokuwa nimejua kupiga. Yeye aliuvuka akizungumza. Mimi nilikomea kwenye mkaratusi wa kwanza, na mara nyingi sikuufikia.

Siku ya kwanza uliponiona kule, nikiwa nimeinama majanini, ulimuuliza Kavugho: "Anatafuta nini? Alipoteza mufunguo?" Akakujibu kwamba natafuta mpira. Ukasema: "Kama anaupenda, anautupa kwa nini?"

Nilisikia. Jibu ninalo sasa, ila limechelewa. Mimi mchana kutwa naandika "naomba ruhusa". Ruhusa ya kupita, ruhusa ya kuuza, ruhusa ya kumtoa mtoto kizuizini. Kila mtu aketiye kwenye kigoda changu anataka kwenda mahali, na mahali pote pana mtu mwenye bunduki anayetaka karatasi. Mpira ule ulikwenda bila karatasi. Nilitaka tu uende mbali zaidi.

Katika kuutafuta umbali huo nilifuata akili ya mtu asiyejua: niliongeza nguvu. Niliikaza fimbo mpaka vidole vikapoteza damu. Nilinyanyua mawe asubuhi ili mikono inenepe. Nilirudisha fimbo nyuma kwa haraka na kuishusha kwa hasira, na kadiri nilivyozidisha hasira mpira ulizidi kugeukia kuume na kuingia kwenye upupu. Hatua mia moja na arobaini. Siku nyingine mia na thelathini. Mwaka mzima.

Halafu ikaja siku ya kupiga maharagi. Uliyatandaza uani, makavu, na ukashika ule mti mrefu wa kuyapura. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikijizoeza kupunga fimbo bila mpira. Hukuweza kusema nami. Ukasema na maharagi.

"Maharagi, mumuambie ule mutu, anapigaka na mikono tu. Mikono iko na nguvu gani? Nguvu iko mu kiuno."

Nilisimama. Ukapiga mara mbili, tatu, halafu ukaendelea: "Na fimbo yake inalia mbele ya wakati. Inalia nyuma ya sikio. Hapo imekwisha. Ilie huku chini, kwenye kitu iko."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, hata yule fundi. Nikasikiliza. Mti wako ulipokuwa juu ulikuwa kimya kabisa, na ulipokaribia maharagi ndipo ulipolia, vuu, kisha ukalala. Fimbo yangu ililia juu, karibu na bega, na kufika chini ikiwa bubu. Nguvu yote nilikuwa nimeimwaga hewani kabla ya kufika kwenye mpira.

Kesho yake nilichukua mti wa kupigia maharagi, nikaenda nao malishoni bila mpira. Nililegeza vidole. Niliacha kiuno kitangulie na mikono ifuate, kama ulivyofanya. Kwa majuma mengi nilifanya hivyo tu, nikisikiliza mlio, nikijaribu kuushusha kutoka begani hadi mbele ya mguu wa kushoto. Watoto wa jirani walisema karani amerukwa na akili. Uliwaambia mbuzi: "Hapana. Sasa ndiyo zinaanza kumurudilia."

Umbali ulikuja polepole. Hatua kumi. Kisha kumi tena. Wewe ulikata majani ya mbuzi upande ule, na kila mpira wangu ulipopita mahali ulipozoea kukomea, ulichomeka kijiti ardhini, ukageuka, ukaendelea na majani yako kana kwamba hukufanya kitu. Vijiti hivyo viko. Jana nilivihesabu, saba.

Jioni moja, nyuma ya mkeka, ulimwambia Kavugho kwa sauti niliyopaswa kuisikia: "Siku nitakufa, munizike kule mupira ya mukwe wangu haifikake. Nyuma ya mukaratusi ya pili. Kule nitalala muzuri, hakuna mutu atanisumbua." Kavugho alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mimi nilicheka kwa ndani, kwa adabu.

Sasa nafika kwenye sehemu ya barua hii ambayo nimeizunguka.

Majira ya kupanda yalipokaribia ulitoka nyuma ya mkeka. Ulikuja mbele yangu, ukanitazama usoni, wewe, na kusema bila kumpitia mtu: "Mukwe wangu, uniandikie. Nirudi kwangu nipande." Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilijua maneno hayo yamekugharimu nini.

Gari la akina mama wa soko lilikuwa liondoke Alhamisi kwenda Kanyabayonga, nalo lingemchukua kila mwenye karatasi ya njia. Niliandika ombi lako Jumanne. Lilikuwa ombi zuri. Nilipolikunja, tone la wino lilianguka karibu na jina lako, doa dogo kama mbegu ya ulezi. Kavugho aliniambia: "Peleka tu." Mimi nikasema barua ya mama mkwe wangu haiwezi kufika ofisini na doa. Nikalinakili upya usiku ule, na Jumatano asubuhi sikuridhika na sentensi ya pili, nikalinakili tena. Nilipofika ofisini saa sita, aliyekuwa akitia mihuri alikuwa ameondoka. Alhamisi gari likaenda. Ijumaa barabara ikafungwa.

Niliandika maombi mengine mawili, safi kabisa. Hayakujibiwa, si ndiyo, si hapana.

Hukunilaumu. Ulirudi nyuma ya mkeka. Mbegu zako ulizining'iniza kwenye boriti, penye moshi, zisiliwe na wadudu. Kisha kikaja kile kikohozi. Kwa majuma kadhaa tulikohoa wote wawili, mimi mlangoni na wewe ndani, na siku moja Kavugho akasema kwamba ukinisikia nakohoa ulikuwa unatabasamu. Halafu ukawa unakohoa peke yako muda mrefu. Padri alifika kwa wakati. Mimi nilikuwa nje, ukutani, kama inavyopasa. Nilitamani desturi ingekuwa nyingine.

Tulikuzika ulikosema, kwa kuwa barabara ilikuwa bado imefungwa na hatukuweza kukurudisha kwenu. Hatua mia mbili na tano kutoka mahali ninapopigia. Nilizipima mwenyewe, nikiwa na hakika kwamba hapo utapumzika.

Juma lililofuata barabara ilifunguliwa.

Mambo mengine yaliyobadilika ni machache. Mbuzi mwekundu amezaa wawili. Askari wa kizuizi ni wengine, ila maswali ni yale yale. Kavugho alipanda mbegu zako nusu hapa Butembo, na nusu anaziweka, hasemi anaziwekea nini.

Siku ile, matanga yakiwa yameisha, nilipanda kilimani kukata majani ya mbuzi, kazi yako. Fimbo niliikuta chini ya mti nilikoiacha tangu ulipoanza kuugua. Niliweka mpira mmoja juu ya kijiti bila kuwaza. Sikuwa na hamu ya umbali. Mikono yangu haikuwa na haja na kitu chochote, na labda ndiyo sababu. Fimbo ilikwenda juu kimya. Kisha ikalia chini, mbele ya mguu wa kushoto, mlio ule wako kabisa. Mpira uliupita mkaratusi wa kwanza ukiwa bado unapanda. Ukauvuka wa pili. Ukashuka, ukadunda, na kuviringika mteremkoni hadi ulipozuiwa na udongo wako.

Nilifurahi, Mama Mkwe. Nakiri. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi, nikageuka upande wa majani nisikie utawaambia nini mbuzi.

Basi nikaketi chini.

Nilimwita Kavugho aje auokote. Alipoona ulipo, alianza kucheka kama usiku ule wa sahani, kisha akalia mpaka akashika mkaratusi. Akasema: "Mimi hapana ingilia. Ni mambo yenu." Nikamtumia Kambale habari, kule Beni, mtaa wa Beu. Alipofika nilimweleza kwa mpangilio mzuri. Akasikiliza yote, akaniita shemeji kwa Kilingala, akasema: "Bokilo, mimi hizi mambo ya mupira siijue. Weye unaandikiaka hata bakubwa. Basi muandikie mwenyewe."

Ndiyo maana naandika.

Maneno yako mawili yananivuta pande mbili, na yote mawili ni yako. Ulisema uzikwe mahali mpira wangu usipofika. Tena wewe ndiwe uliyenifundisha kuufikisha. Nikiendelea kupiga, kila mpira mzuri utakuwa unakusumbua, na nikiukosea kwa makusudi ili usikufikie, nitakuwa naliharibu fundisho lako mbele ya macho yako. Upande mwingine wa malisho siwezi kupigia. Kule chini kuna barabara na kizuizi. Tena lipo la zaidi, nisilothubutu kulisema kwenye kigoda changu. Nilikuchelewesha kwa ajili ya doa. Sijui kama mtu aliyefanya hivyo anaruhusiwa kukufikia kwa lolote, hata kwa mpira.

Naahidi mambo mawili. Uamuzi wako, wowote ule, nitautii bila kuomba upitiwe upya. Na ombi la mtu mwingine halitalala tena kwenye meza yangu kwa ajili ya uzuri. Mama mmoja alikuja jana kuomba karatasi ya kwenda Lubero. Barua yake ilikuwa na kosa katika mstari wa kwanza. Niliipeleka na kosa lake. Amekwisha kuondoka. Katika barua hii pia wino umedondoka, hapo juu, penye jina la Kanyabayonga. Nimeuacha.

Jibu usinipe mimi, kwa heshima. Lipitishe kwa binti yako, kama ulivyozoea. Anakuota mara kwa mara, na asubuhi yake hunyamaza hadi amalize kufagia; kwa hilo nitajua. Ukimwambia auokote, ataniletea mkononi, nami nitapanda tena kilimani na kupiga kwa kiuno. Usipomwambia, utabaki miguuni pako, na fimbo nitaitundika kwenye boriti penye mbegu zako.

Kwaheri, Mama Mkwe. Ardhi ya Butembo ikushike kama ya kwenu.

Naomba uamue: mpira urudi kwangu, au ubaki kwako?

Mkwe wako,
ule wa kukohoa.