Figo Zangu na Karani Mtani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila redio yake inanitoboa masikio.

Eti unauliza, kwenye fomu ya bima ya maisha uyataje maradhi yako ya figo? Yataje! Enzi za Ujamaa nilimwambia karani wa bima, hapa Kariakoo, "Figo zangu mbovu." Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, watani wa jadi. Akacheka: "Mzaramo haumwi figo, anaumwa ngoma!" Akaandika "mzima". Nami nikacheka, nikasaini.

Mwaka wa pili nikalazwa kwa figo hizohizo. Watu wa bima wakaifungua fomu, wakakuta "mzima", wakasema nilidanganya, wakaifuta bima. Watoto wanne bila kinga, Zuhura!

Sema kweli, kisha soma alichoandika karani kabla ya kusaini. Kucheka baadaye.

Babu yako,
mwongo wa kwenye fomu