Sabuni Iliyofika Bila Mwenyewe

Nyamahanga, Biharamulo
10 Desemba 1978

Kwa Anastazi, mjukuu wangu na mwizi wa mke wangu,

Marahaba, maana najua huko uliko umeshaniamkia. Sisi wazima, ila bibi yako Felisita anakohoa kidogo na anakutaja mno, mpaka naona wivu. Wewe je? Mgongo umezoea kulala chini?

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima ndicho kimenifikisha hapa, kwa hiyo usicheke mistari ikipanda mlima.

Kijiji kizima kinazungumzia vita, na mimi nina vita yangu. Sabuni ya kunyolea imekwisha, imebaki kama ukucha. Duka la kijiji lina majembe na viberiti tu. Jumamosi nilinyoa kwa sabuni ya mche, kidevu kikawaka kama kimepakwa pilipili. Kesho yake kanisani bibi yako, kule upande wa wanawake, hakugeuka hata mara moja. Zamani alikuwa anajua kwa harufu kwamba nimeingia, kabla hajaniona.

Wewe nimekufundisha mambo haya, kama nilivyofundishwa na kinyozi wa Masaka enzi zile tulipokwenda Buganda kulima kahawa. Kwanza maji ya moto. Kisha brashi izunguke taratibu bakulini mpaka povu lisimame lenyewe. Ukishajipaka, tulia, vuta pumzi, harufu ya mti wa sandali ikuingie kabla wembe haujagusa. Mtu anayekimbilia wembe hajui raha ya kunyoa.

Vita ikikupitisha Masaka, niulizie sabuni ile. Lakini iwe ya halali. Kidevu changu hakitapakwa sabuni ya mtu aliyekimbia nyumba yake.

Mungu akulinde.

Babu yako,
Pancras


Mstari wa mbele
6 Machi 1979

Babu, shikamoo.

Na mke wangu Felisita, shikamoo yake pia. Mwambie asichoke kuningoja, yule mzee anayekaa naye ni wa muda tu. Mimi sijambo, ila miguu imeota malengelenge. Kikohozi chake kimepungua?

Masaka tumepita. Babu, habari za kinyozi usiniulize. Mji ni vifusi. Nilisimama nikajaribu kuwaza kiti cha kinyozi wako kilikuwa wapi, nikashindwa. Maduka yaliyobaki yalikuwa wazi, vitu vimetapakaa chini, na wenzangu wengine waliokota. Mimi nilikikumbuka kidevu chako, nikapita mikono mitupu.

Juzi nilinyoa kwa maji ya mvua, bila sabuni yoyote. Nilijikata mara tatu, na kila mara nilikuwa nakusikia unavyonicheka.

Tunasonga mbele. Nikikaa kimya msihesabu vibaya, tuendako hakuna posta.

Mjukuu wako,
Anastazi


Nyamahanga
27 Mei 1979

Anastazi,

Hujambo? Nakuuliza makusudi. Wanaoniona nikiandika wananong'ona kwamba mzee amerukwa na akili, anamwandikia marehemu.

Wiki iliyopita kondakta wa basi la Biharamulo alileta kifurushi. Alikabidhiwa na askari mmoja Msukuma, jina lake Shibuda, mgonjwa hajiwezi, na neno alilopewa ni moja: vitu vya Anastazi, vifike kwao. Barua hakuna. Tukafungua. Shati lako la kijani, na ndani ya shati bakuli la mbao lenye kifuniko. Nilipokiinua kifuniko nikaona sabuni ya kunyolea, na harufu ya sandali ikajaa nyumba nzima. Hapo bibi yako akapiga yowe.

Unajua kwetu nguo ya mtu ikirudi kutoka safari bila mwenyewe, hakuna anayeuliza zaidi. Bernardo, baba yako mdogo, akawasha moto uani, majirani wakaja na mikeka. Nilikaa nao. Nililia pia, sikufichi. Lakini walipokuja na wembe ili tuanue matanga, nilikataa.

Kwa desturi mkubwa wa nyumba ndiye anayetangulia kunyolewa. Asiponyolewa yeye, wembe haugusi kichwa cha mtu, na aliyekufa hajawa amekufa. Baba yako nilimnyolea, kwa sababu nilimzika kwa mikono hii. Wewe sijakuona. Sitanyoa kwa kukisia.

Basi nimeacha kunyoa hata ndevu. Nikinyoa kidevu tu Jumamosi, Bernardo atasema mzee ameshaanza, tumalizie.

Kama unasoma, jibu. Kama husomi, nitaandika tena.

Babu yako


Nyamahanga
16 Septemba 1979

Anastazi,

Hujambo, mjukuu wangu? Maharage tumevuna. Bibi yako yupo, lakini yeye ndiye anayenitesa.

Ndevu zimefika kifuani. Watoto wananiita Padre. Hilo nalivumilia. Jana usiku Felisita aliniambia, "Pancras, kila askari anayerudi anapokelewa kwa ngoma, na mimi sijui nishangilie au nilie. Kama ni mfiwa, niache niwe mfiwa." Mwenye kovu usidhani amepoa, na nilikuwa nimemsahau mwenye kovu wangu.

Nimemkubalia. Usipopatikana hadi Siku ya Marehemu, Novemba, jina lako litasomwa misani na nitatoa kichwa changu kinyolewe.

Bakuli lako lipo kitandani kwangu, upande wa ukutani. Mara moja tu nililowesha brashi nikapiga povu, nikalipaka mgongoni mwa mkono. Lilisimama lenyewe. Nilikaa nikinusa mpaka likakauka. Ni sabuni nzuri kuliko ile ya Masaka, Anastazi, na siwezi kuitumia. Nateseka.

Babu yako


Kambini
8 Oktoba 1979

Babu yangu, shikamoo. Bibi yangu, shikamoo. Shikamooni tena!

Mimi ni mzima. Homa ilinilaza sana huko kaskazini, nimekonda, lakini ni mzima. Barua zako zilikuwa zinanifuata nyuma kambi hadi kambi, nimezipata zote leo. Nimelia mbele ya kikosi kizima na sioni aibu.

Sabuni ile ni zawadi yako, tena ya halali! Nje ya Kampala nilimkuta mzee ananyoa watu chini ya kipande cha bati. Nilimpa sigara zangu zote, akanipa bakuli lake la sabuni. Nilipomwambia babu yangu alijifunzia Masaka, akanipaka povu kidevuni bure, kwa heshima yako. Bakuli nililifunga kwa shati ili mbao isipasuke njiani. Shibuda alikuwa anarudishwa kwao kwa ugonjwa, nikampa kifurushi na barua. Barua nadhani imebaki mfukoni mwake, na Mungu ampe afya, simlaumu.

Na mimi miezi yote hii nimekununia! Nasema, mzee gani huyu, hata asante hana.

Tunarudishwa. Nitateremka Biharamulo mwanzoni mwa Novemba. Nakuomba kitu kimoja: usinyoe. Umeningoja, ningoje kidogo tena. Nataka nikunyoe mimi.

Mjukuu wako aliye hai,
Anastazi


Nyamahanga
30 Oktoba 1979

Anastazi, mwizi wa mke wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba!

Sijui kama karatasi hii itakukuta au utaipita njiani, lakini siwezi kukaa bila kuiandika. Barua yako niliisomea uani kwa sauti. Bernardo alikaa chini palepale kwenye majivu ya moto aliouwasha, akacheka huku analia, kisha akaenda mbio kwa katekista kulifuta jina lako kwenye orodha ya marehemu. Bibi yako alilitwaa shati la kijani, akalifua.

Sinyoi. Nimekusikia. Ndevu hizi zilikuwa zako tangu mwanzo, njoo uzichukue. Wembe nimeunoa, na brashi nimeiloweka. Ila uje haraka, maana Felisita amebandika maji tangu asubuhi, na kila gari likisikika barabarani anaongeza kuni.

Babu yako mwenye ndevu,
Pancras