Paka Mwenye Macho ya Babu Yake

Maganzo, 12 Juni 1954

Mjukuu wangu Jilala,

Nimegundua siri ya macho ya paka! Haya, nadanganya. Aliyenieleza ni bwana mifugo; mimi nilimshika paka tu asimparure.

Paka wangu wawili wa macho ya njano, kaka na dada wasio na haya, wamezaa mtoto mwenye macho ya buluu. Jirani yangu Ngassa akasema, "Uchawi huo, mzee, kamtupe!" Bwana mifugo akacheka. Alisema babu yake huyo mtoto wa paka, paka wa Mzungu wa Mwadui, alikuwa na macho hayo hayo. Kila mzazi hutoa nusu, na buluu hujificha nyuma ya njano mpaka ikutane na buluu mwenzake. Nilimtazama yule mtoto hadi uji wangu ukapoa.

Nawe umemrudisha mke wetu Apolonia kwao Kishapu, eti mtoto ana macho ya asali, si wako. Mjinga wee! Mama yangu alikuwa nayo. Yakajificha kwangu, kwa baba yako, kwako, na kwao Apolonia vilevile. Juzi nilikwenda kumwona mtoto. Jilala, mama yangu alinitazama tena.

Ule ugoro ulioniahidi sikukuu iliyopita bado naudai. Naomba aulete hapa Apolonia mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni.

Babu yako mtundu,
Januari