Kambale Alisimama Mbele ya Jeneza Lako

Papa Paluku,

Ulizikwa vizuri kuliko ulivyostahili. Kwaya iliimba, padri akakuita sauti ya wanyonge, na wenzako wa gazeti walilia mpaka wakasahau walivyokuchukia. Mimi, mwanafunzi wako, nilishika shada la maua nikanyamaza. Kunyamaza ulinifundisha wewe.

Ule ukanda wa baiskeli na chukudu, skuta zetu za kubebea mizigo, uliouita kila wiki gazetini "barabara ya viazi," bado upo kwenye mteremko wa Kimemi. Mstari wake mweupe umeanza kufutika, na magari yanaupanda kama ulivyokuwa ukiupanda wewe, honi juu. "Barabara ni ya mwenye injini," ulikuwa unasema, nami pembeni yako nilicheka. Nilicheka hata asubuhi ile, mpaka tulipomgonga Kambale.

Alikuwa ndani ya ukanda wake, akishuka na magunia ya viazi vya Masereka juu ya chukudu yake ya mbao. Mguu ulivunjika. Wewe ulitazama kwanza taa ya gari. Jioni ukaandika kwamba mlevi mmoja, ukamtaja jina na kijiji, alijitupa mbele ya magari. Ulinipa makala ile nitafute makosa. Nikasahihisha koma mbili.

Alipokushtaki kwa kumchafulia jina, ulicheka. Kisha presha ikakuchukua kabla ya hukumu, na mahakama ikafunga faili: mfu hashtakiwi. Hata kufa ulikufa kwa ujanja.

Ila alikuja kwenye kilio chako. Unajua desturi yetu: kabla ya kufunika jeneza, mkubwa wa familia anauliza nani ana neno na marehemu, alitoe sasa, maana baada ya udongo halirudiwi. Kambale akasimama na fimbo yake. "Mimi niko na neno. Ile siku sikukunywaka kitu. Banirudishie tu jina yangu. Kule Masereka hakuna mutu ananipatia tena mizigo." Watu wakaguna. Kaka yako mkubwa akauliza shahidi ni nani. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Kambale, Papa, nikayaangalia maua. Kambale akanitazama, alinijua. Akangoja. Mwishowe akasema, "Basi, enda muzuri, baba," akakaa chini, na misumari ikapigwa.

Nakuchukia kwa hilo. Na bado kila ninapoandika sentensi nzuri natafuta uso wako nikuonyeshe, ndiyo maana nakuchukia zaidi.

Kambale hawezi kulirudia neno lake. Ameliacha kaburini mwako, na anaheshimu desturi kuliko sisi wasomi. Lakini mimi siku ile sikusema kitu. Neno langu halijazikwa.

Mama Kahindo, mjane wako, ameniomba niendeleze safu yako, ukurasa wa pili, chini ya picha yako ileile. Nimekubali. Hajui nitaandika nini. Akijua hatanifungulia mlango tena, yeye aliyenilisha miaka yote hii.

Kwaheri, Papa. Ulinifundisha kwamba makala ya ajali huanza na jina kamili la mkosaji. Jumatatu nitaanza na lako. La pili litakuwa langu.

Masika