Faili Lenye Jina Langu

Kwako Dada,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji na wale wapwa zangu wawili wasiojua kukaa kimya. Goti linaendeleaje? Uliondoka hapa baada ya mazishi ukilivuta, na Mama haachi kuniuliza kama umeshaenda kulipiga picha. Ukiuliza hali zetu, tunapumua. Mama anakula nikimkalia mbele, nikiinuka tu anasukuma sahani. Mimi nimerudi kiwandani, nakata sponji za magodoro ya watu kulalia, na usingizi wenyewe umenihama.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Haya si maneno ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa, tukaishia kwenye habari za goti.

Bahasha yako niliipata Jumatano. Nimeyasoma malalamiko aliyokuandikia yule wakili rafiki wa shemeji, kurasa nne, na nimeiona alama uliyoweka pale chini ili nitie saini kama shahidi. Nimeelewa kwamba kikao cha hospitali ni Jumatatu, kwamba yule muuguzi wa mapokezi amesimamishwa kazi, na kwamba saini yangu ikiwepo hatarudi kazini tena. Umeandika kuwa damu ya Kitinda, mdogo wetu, haiwezi kwenda bure. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni Mama alipokuwa kazini, kwa hiyo una haki ya kusema hivyo kuliko sisi wote. Lakini saini sijatia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Siku ile ulisimuliwa juu juu, ngoja nikueleze vizuri. Kitinda na yule fundi mwenzake walikuwa wanapaka rangi chini ya paa la jengo la ofisi. Unamjua Kitinda, juu ya ngazi anaimba, akishuka anadai chai. Brashi yake ikagusa kiota cha nyigu kilichokuwa nyuma ya bomba la maji ya mvua. Fundi anasema walimuuma mara tatu, shingoni na sikioni, na kwamba hakupiga kelele. Alishuka taratibu, akafunika kopo la rangi lisikauke, akasema waende hospitali sasa hivi. Fundi alicheka, akamwambia mwanaume mzima hakimbilii hospitali kwa ajili ya wadudu watatu. Hadi leo akikutana nami njiani anainamisha kichwa kwa sababu ya kicheko kile.

Pale mapokezi foleni ilikuwa imefika mlangoni, watoto wa homa na mama zao. Muuguzi alitafuta jina la Kitinda kwenye kompyuta, hakuona kitu, maana hakuwahi kutibiwa pale kwa jina lake. Alimwona ana vipele na anajikuna, lakini amekuja kwa miguu yake na anajibu akiulizwa. Akampa kidonge cha kuzuia mwasho, akamwambia akae kwenye benchi lililo karibu na mlango wa daktari asubiri kuitwa. Zikapita kama dakika ishirini. Kitinda akaegemea bega la fundi, na fundi akadhani amesinzia. Walipomwinua midomo ilikuwa imebadilika rangi. Hapo ndipo walipokimbia naye ndani, sindano, dripu, daktari akimkandamiza kifua mpaka jasho likamtoka. Mimi nilifika na ovaroli langu lenye vumbi la sponji, nikakuta wameshavuta pazia.

Malalamiko yako yanasema muuguzi alimdharau, kwamba hakuuliza kama amewahi kudhurika na wadudu, wala hakuwatafuta ndugu. Sisemi hana kosa lolote, hilo wenye kazi yao watalipima. Ila hayo ya kwamba hakuuliza si kweli, na aliyekufanya uyaandike ni mimi. Siku ya mazishi uliponiuliza kama kuna mtu wa hospitali aliyenipigia, nilikujibu hakuna. Alinipigia, Dada.

Turudi nyuma kidogo. Miaka miwili iliyopita Kitinda aliumwa na nyigu mmoja tu, mkononi. Alinifuata kiwandani macho yamefumba kwa uvimbe, anavuta pumzi kwa kelele. Bima hakuwa nayo, na hospitali bila bima unaijua. Nikampa kadi yangu. Picha ya kwenye kadi imefifia, na sisi wawili tumefanana kama shilingi kwa ya pili, wewe mwenyewe ulikuwa hujui unaongea na nani mpaka tutaje majina. Nikamsindikiza, akatibiwa kama mimi.

Alipopata nafuu daktari alimkalisha chini. Akamwambia mwili wake haupatani kabisa na sumu ya nyigu, na kwamba akiumwa tena, hata na mmoja, asikae foleni, apigwe sindano papo hapo, maana kwake kusubiri ni kufa. Akampa na sindano ya kutembea nayo mfukoni. Yote hayo yakaandikwa kwenye faili, na alama ya hatari juu yake. Faili lenyewe ni langu. Tulicheka njia nzima tukirudi. Nikamwambia sasa mgonjwa ni mimi, naye akanipa pole kwa sauti ya mchungaji. Wewe na Mama hatukuwaambia, kwa sababu tungewaambia habari ya nyigu ingetubidi tuwaambie na habari ya kadi.

Ile sindano muda wake uliisha mwaka jana. Aliniomba tena kadi akachukue nyingine. Nikamwambia asubiri kwanza, kiwandani wameanza kukagua. Haukupita muda wakafukuzwa wenzetu wawili kwa kuazimisha kadi zao, majina yao yakabandikwa ubaoni pale tunaposaini kuingia, kila mtu ayasome. Kitinda aliposikia hakuniomba tena. Mimi nami sikulirudia, nikajifanya nimesahau.

Sasa siku ile. Nilikuwa kwenye mashine, msimamizi amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Simu ikaita, namba ya Kitinda, lakini sauti ni ya mwanamke. Alijitambulisha kwa adabu kwamba ni muuguzi, akanieleza kuwa ndugu yangu ameumwa na nyigu, jina lake halipo kwenye kompyuta, na anataka kujua kama amewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa ajili ya wadudu, ili kama ni hivyo ampitishe kwa daktari mbele ya wote.

Nilimjibu hapana. Nilisema hajawahi, ana afya njema, labda amepata woga tu. Nilicheka hata, kidogo, ili msimamizi aone ni simu ya kawaida.

Ningesema ndiyo, angeuliza alitibiwa wapi, na faili lisingeonekana, na lingeanza kutafutwa. Hayo ndiyo niliyoyafikiri. Nilijiambia nitaomba ruhusa, nifike, nimvute daktari pembeni nimnong'oneze. Nusu saa tu, nikajiambia, na Kitinda ana nguvu kama punda. Simsingizii shetani, shetani hana kadi ya bima. Ni mimi.

Jana baada ya kazi nilikwenda nyumbani kwa yule muuguzi. Ana vyumba viwili, nilimkuta anaanua nguo. Nilitegemea anifukuze, akanitolea kigoda. Amewaambia wakubwa wake mara tatu kwamba alinipigia simu, wakamjibu familia inakana. Fundi naye hakusikia, wakati ule alikuwa ametumwa maji ya kunywa. Sikuwa nimeuliza kitu, yeye mwenyewe akaendelea kunisimulia, kwa sababu kuna jambo limekuwa likimsumbua na alidhani mimi nitamfafanulia.

Alisema kabla ya kunipigia alimuuliza Kitinda mwenyewe, tena mara mbili. Sauti ilikuwa imeanza kukauka lakini maneno yalitoka. Alimuuliza kama amewahi kudhurika namna hii. Kitinda alimtazama, kisha akatoa simu yake, akatafuta jina langu, akaipitisha kwenye tundu la kioo cha mapokezi. Akamwambia muulize kaka, yeye ndiye wa kusema.

Alijua, Dada. Maneno ya daktari aliyasikia kwa masikio yake. Angeweza kusema neno moja apitishwe mbele, lakini neno hilo lingenigharimu kazi, kwa hiyo akaniachia mimi. Muuguzi alipomrudishia simu na kumwambia kaka yako anasema hujawahi, hakubisha. Alisema asante, akaenda kukaa kwenye benchi.

Nilimweleza yule mama kila kitu. Alikunja shuka lile lile mara mbili au tatu, halafu akaniuliza kama nitakuwepo Jumatatu. Nimemwambia nitakuwepo. Simu ya Kitinda ninayo mimi, na mazungumzo yale bado yanaonekana humo, dakika moja na sekunde kumi na mbili. Nitakwenda nayo, na kadi yangu, nao walifungue faili waone. Kazi najua imekwisha, na kama kuna polisi, basi na wawepo. Karatasi zako nimezirudisha humu zikiwa hazina saini. Lawama uliyomwandalia yule mama nielekezee mimi, usiipunguze.

Barua hii nampa konda wa basi la leo Ijumaa, kesho asubuhi utakuwa nayo. Msalimie shemeji, waambie wapwa zangu nawapenda. Goti usilipuuze. Mama nitamwambia mwenyewe kesho, kabla hujafika Jumapili. Ukimkuta hasemi nami, usimlazimishe.

Ni mimi, mdogo wako uliyebaki naye.