Ribiti za Roketi

Baba Afnan,

Mbaazi ziko jikoni, zimeiva, bado kutiwa tui tu. Fundi wa mfereji akija, mfungulie geti. Afnan anatoka madrasa saa sita, usimsahau tena.

Na roketi yangu ya mfano usiiguse. Vile vipele ulivyovisugua kwa msasa leo asubuhi havikuwa gundi iliyomwagika. Ni ribiti, vile vichwa vya misumari inayounga mabati! Nilizidondosha kwa gundi kwenye ncha ya sindano, tone kwa tone, tangu Ramadhani, ili kiroketi changu kifanane na roketi ya kweli. Nawe ukaniletea chai kitandani, unatabasamu: “Mama Afnan, nimekulainishia.”

Najua ulitaka kunisaidia. ~~Nimekusamehe.~~ Bado.

Naenda Dagoretti Corner kununua gundi, halafu nitapitia kwa dada yangu Shahida, Loresho. Nitarudi kabla ya Magharibi.

Kazi nitairudia, mikono ninayo. Lakini kila jioni nilikuwekea roketi mbele ya macho nikakuuliza, “Umeziona ribiti?” Nawe ukajibu, “Mashallah, nimeziona, zimependeza.”

Ulikuwa ukiona nini, Idarus?

Mama Afnan